Mambo ya kuzingatia kabla ya kuanza kupima mto ulio jirani na visima vya gesi

Anza mapema. Mto unaopimwa kwa mara ya kwanza baada ya mtambo wa kuchoronga kusimikwa hauna historia, na yeyote anaweza kukujibu kwamba ulikuwa hivyo tangu zamani. Jitahidi upate vipimo vya mwaka mzima kabla ya uchorongaji, kwa sababu mto wa kiangazi na mto wa masika ni kama mito miwili: maji yakipungua chumvi hukolea, mvua ikinyesha huzimuliwa.

Usipime ubora wa maji ukasahau wingi wake. Kisima kimoja ambacho miamba yake hupasuliwa kwa maji yenye shinikizo kubwa huweza kutumia zaidi ya lita milioni 10, na kijito kidogo kikichotewa maji hayo wakati wa ukame huumia kabla tone la uchafu halijaingia.

Chagua vituo kwa kutembea kando ya mto mwenyewe, si kwa kutazama ramani. Kimoja lazima kiwe upande wa juu, mahali ambapo maji bado hayajapita kwenye visima, barabara za malori wala njia ya bomba. Usipime chini ya daraja kwa sababu tu ni rahisi kufika. Barabara nayo ina uchafu wake.

Fahamu unachokitafuta. Maji yanayorudi juu kutoka kisimani huwa na chumvi nyingi, na yale ya Marcellus, mwamba wenye gesi nchini Marekani, huweza kuuzidi ukali wa maji ya bahari mara kadhaa. Kwa kuwa maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, kipimo cha upitishaji umeme ndicho mlinzi wa bei nafuu, na Tume ya Bonde la Mto Susquehanna ilipoanza mwaka 2010 kufunga vihisi katika vijito vya eneo hilo, kipimo hicho kilikuwa miongoni mwa vile vilivyorekodiwa mfululizo, pamoja na joto, pH (kiwango cha asidi), oksijeni na tope. Hata hivyo, hakikuambii chumvi imetoka wapi. Mbolea, maji taka na mgodi wa zamani huipandisha vilevile. Kikipanda, peleka sampuli maabara zikapimwe bariamu, strontiamu, bromaidi na kloraidi. Tope nalo usilidharau, maana ardhi hukatwa kwa ajili ya barabara na mabomba kabla gesi haijatoka.

Sasa nifike kwenye chupa. Kipimo cha umeme, yaani kifaa chenyewe, hurekebishwa kwa kimiminika maalumu ambacho thamani yake imeandikwa kwenye lebo; chetu kilikuwa maikrosimensi (kizio cha upitishaji umeme) 1413 kwa sentimita, katika nyuzi 25. Kikundi chetu cha wakazi kilikuwa na chupa moja kubwa, na kwa kuwa kifuniko chake kilikuwa kimepasuka, tuliifunika kwa kipande cha nailoni na kuiweka dirishani. Maji yalipungua kidogo kidogo kwa mvuke huku chumvi ikibaki, hivyo kimiminika kikawa kikali kuliko lebo, nasi tukaendelea kukilazimisha kipimo kisome 1413. Mto wetu ukawa unasoma chini kuliko ulivyokuwa, na hakuna aliyeshtuka. Chupa iliisha wiki ileile mtambo ulipoanza kazi. Tukafungua mpya, na kipimo kilichozoea kusoma 208 kikaruka hadi 250. Tuliandika barua na kuitisha mkutano. Mhandisi wa kampuni alitusikiliza hadi mwisho, kisha akaomba daftari la kurekebisha kipimo. Hatukuwa nalo. Akauliza kituo cha juu kilisoma nini siku hiyo, na mimi mwenyewe nikafunua ukurasa: nacho kilikuwa kimepanda kwa kiasi kilekile, mahali ambapo maji ya kampuni yasingeweza kufika. Nilikuwa nimeiandika namba hiyo kwa mkono wangu bila kuisoma. Miezi kadhaa baadaye, tope halisi lilipoporomoka kutoka njia ya bomba, ilituchukua wiki mbili kupata afisa wa kuja kutazama.

Kwa hiyo andika tarehe ya kufungua kila chupa. Mimina kidogo kwenye kikombe safi, na kilichotumika kimwage, usikirudishe kamwe. Rekebisha kipimo kabla ya kwenda mtoni, kihakiki tena ukirudi, na uandike namba zote mbili hata kama zinakuaibisha.

Yaliyobaki ni mepesi. Uliza maabara ni chupa zipi zinahitaji asidi na zipi zinahitaji barafu. Ya kupimia methani, ile gesi yenyewe ya visimani, ijazwe pomoni pasibaki hewa. Kila chupa ikibadilisha mikono, majina na saa viandikwe. Geuza mawe uhesabu mabuu ya wadudu wanaoishi chini yake, maana wao hukaa humo usiku na mchana ilhali wewe hupita mara moja kwa wiki. Usiende peke yako, usiingie mto ukiwa umefurika, wala usivuke uzio wa mtu bila ruhusa ya maandishi. Ukiona mapovu yakichemka kutoka chini, huenda ni majani yanayooza na huenda ni gesi. Chukua sampuli, piga picha, na usijaribu kuyawasha kwa kiberiti.