Ukikuta Mzoga Wenye Sumu na Tai Wamekufa Kando Yake

Fisi akiua ng'ombe usiku, kuna wafugaji ambao asubuhi hunyunyizia mzoga dawa ya kuulia wadudu, mara nyingi kabofurani. Wanayemlenga ni fisi. Anayeangamia ni tai. Tai mmoja akishuka, wa mbali wanamwona na kumfuata. Botswana mwaka 2019, majangili walitia sumu mizoga ya tembo watatu, na tai 537 wakafa. Tumbusi mgongo-mweupe, mmoja wa tai hao wala mizoga, hutaga yai moja tu kwa msimu, kwa hiyo pengo hilo halizibiki upesi.

Kwanza tazama kwa mbali. Nzi waliokufa juu ya nyama ni dalili mbaya kuliko zote. Angalia pia chembechembe za zambarau au waridi, na ndege waliokunja kucha kama ngumi. Usiguse kitu kwa mikono mitupu, maana kabofurani humdhuru binadamu pia. Funga mbwa na zuia mifugo.

Piga picha, hesabu ndege, chukua alama ya mahali kwenye simu, kisha piga simu kwa askari wa wanyamapori (kwa Kenya, shirika la wanyamapori, KWS; kwa Tanzania, mamlaka ya wanyamapori, TAWA, au TANAPA kama ni ndani ya hifadhi ya taifa). Mtu abaki pale akiwafukuza tai wanaozunguka angani. Wengi hukosea hapa: wanachoma mzoga mara moja, na ushahidi unaishia motoni. Subiri sampuli zichukuliwe.

Tai aliye hai mfunike kichwa kwa kitambaa kinachopitisha hewa, ukiwa na glavu na nguo ya mikono mirefu, umweke kivulini ndani ya boksi lenye matundu. Asiwekwe na mwenzake. Usimnyweshe maji kwa nguvu, yataingia mapafuni. Atropini, dawa ya kukabili sumu hiyo, ni kazi ya daktari wa mifugo.

Sampuli zikishachukuliwa, choma kila kitu mbali na maji: mzoga, ndege waliokufa, matapishi, hata udongo uliolowa. Kuni ziwe nyingi, chini na juu, hadi mifupa iwe majivu; nyama ikibaki mbichi katikati, fisi ataifukua usiku uleule. Simameni upande upepo unakotoka, moshi usiwapate. Majivu yafukiwe kwenye shimo refu.

Halafu nendeni kwenye boma lililovamiwa. Wavu wa chuma wa mita 2 na mlango usioacha upenyo chini humzuia fisi. Bila hivyo, mtaitwa tena.