Rimoti ya kamera isiyo na waya kwa hela ndogo: angalia haya kabla hujalipa

Kama we ndo mwenye kamera kwenye familia basi hii unaijua, Idd imefika watu wamependeza, bibi kakaa katikati, wajukuu wamejipanga, picha inatoka safi kabisa, alafu miaka inapita unaziangalia zile picha unakuta wewe humo hata kwenye moja. Mi bibi yangu nimempiga picha nyingi sana lakini tulizo pamoja ni mbili tu, na zote kapiga mtu mwingine kwa simu. Ndo maana nimekaa niandike hii kitu vizuri, rimoti ya kamera sio lazima iwe ya hela nyingi ila ukinunua bila kuangalia utanunua mara mbili.

Usianze na rimoti, anza na kamera yako. Ishike mkononi usome namba yake ya modeli, sio kusema tu ni Canon au ni Nikon, namba kamili, 600D, 1200D, D3300, D7000, maana hapo ndo kila kitu kinaamuliwa. Rimoti yangu ya kwanza nilinunua ya infraredi, yaani ya mwanga usioonekana kwa macho, kale kadogo ka kushika kwa vidole viwili, kamera yangu ilikuwa Canon 1200D na muuzaji kaniambia hii inakubali Canon zote. Nimefika nyumbani nabofya weee, kamera kimya, nimebadilisha betri, nimepekua menyu yote, kumbe 1200D haina kabisa sensa ya infraredi. Sio yenyewe tu, 1100D, 1300D na 2000D nazo hazina, wakati 600D, 700D na 750D wanazo. Macho pia yanadanganya hapa, kale kadirisha ka mbele kwenye mshikio kwa kamera zingine ni taa ya taima tu. Kwahiyo pakua kitabu cha maelekezo cha modeli yako, kipo bure kwenye tovuti ya kampuni, tafuta ndani neno "remote" uone wanataja nini.

Kwa Nikon kuna mtego wake. D3300, D5300, D7000 na D750 zinakubali infraredi, ile rimoti yao inaitwa ML-L3 na za kuiga zipo tele. D3400 nayo inakubali ML-L3 japo tundu la rimoti halina, lakini D3500, ambayo ni mpya zaidi, imetolewa sensa na tundu la rimoti pia halipo. Ukiwa na D3500 usimwage hela kwenye rimoti hizi, tumia simu kwa programu ya Nikon inayoitwa SnapBridge, au tumia taima ya kamera yenyewe, kwenye Nikon unaiweka isubiri mpaka sekunde 20 na ipige mpaka picha 9 mfululizo, kwa picha ya familia inatosha sana tu.

Sasa aina zenyewe. Infraredi ndo ya bei ya chini kuliko zote na inafanya kazi kama rimoti ya TV, yaani lazima ielekee kwenye sensa, na umbali wake ni kama mita 5 hivi. Ndani ya nyumba iko vizuri. Nje saa saba mchana jua limewaka utapata shida, mwanga wa jua unaizidi nguvu. Shida nyingine sensa nyingi ziko mbele, kwahiyo ukiwa nyuma ya kamera unapiga picha ya usiku au mwezi unajikuta unazungusha mkono kwa mbele, japo D5100 na D7000 zina sensa mbele na nyuma pia. Ila faida moja kubwa ni kwamba hauchomeki chochote kwenye kamera, unaitia mfukoni basi. Na kabla hujanunua hata hiyo angalia simu yako, Redmi na Xiaomi nyingi zina infraredi pale juu ya kuwashia TV, kuna programu za bure zinazotuma ile ishara ya Canon au Nikon, unaweza ukawa na rimoti mfukoni siku zote na hujui.

Aina ya pili ni ya redio, na mi kama mtu ana hela ya kununua mara moja tu namwambia chukua hii. Inakuja vipande viwili, kimoja unabaki nacho mkononi na kingine kinakaa juu ya kamera pale pa kuwekea fleshi alafu kawaya kafupi kanaingia kwenye tundu la ubavuni. Nzuri ni zile zilizoandikwa 2.4 GHz, hayo ndo masafa ya redio yake, hazijali jua, hazijali umegeukia wapi, zinapita hata mlangoni ukiwa chumba kingine. Kwenye boksi wataandika mita 100, hiyo ni uwanja mtupu na betri mpya, ila kwa matumizi yetu hata robo yake inatosha.

Watu wanaogopa za kuiga kwamba zitaua kamera. Nieleze kidogo tundu lile linavyofanya kazi. Kwa Canon na Nikon za kawaida mle ndani ni nyaya tatu tu, moja ya pamoja, moja ya fokasi (kulenga picha iwe kali), moja ya shata (kupiga picha yenyewe). Ukiigusisha ya fokasi na ile ya pamoja kamera inafanya kama umebofya kitufe nusu, ukigusisha ya shata inapiga. Ndo kazi yote ya rimoti, kugusisha nyaya. Kwahiyo ya bei ndogo ikifungwa vizuri inapiga sawasawa na ya orijino, tofauti utaikuta kwenye plastiki, kitufe na ubora wa pini.

Sasa kwenye waya ndo watu wengi wanaumia, nisome taratibu hapa. Canon wana matundu mawili, lile la mviringo linaloitwa E3, pini yake ni ya 2.5 mm, nyembamba kuliko ya iafoni, liko kwenye 600D, 700D, 1200D, 70D na wenzao, na lile la meno matatu linaloitwa N3, liko kwenye 6D, 7D na 5D. Nikon za kati zina tundu linaloitwa DC2, kubwa kama D700 na D800 zina tundu la pini 10. Tatizo ni kwamba watengenezaji wa rimoti wana majina yao wenyewe ya nyaya, kwa wengi C1 ni ya tundu la E3, C3 ni ya N3 ya Canon, N1 ni Nikon pini 10, na N3, haya shika hapo, N3 kwa hao ni waya wa Nikon DC2! Yaani herufi na namba ileile kwenye boksi moja ni Canon na kwenye boksi lingine ni Nikon. Usiagize kwa jina la waya peke yake, soma orodha ya modeli nyuma ya boksi uone kamera yako imetajwa, na ukiagiza mtandaoni muombe muuzaji akupigie picha ya ile pini. Na chukua yenye waya unaochomoka pande zote mbili, siku ukibadilisha kamera unanunua waya tu, rimoti inabaki ileile. Ile ambayo waya umetoka moja kwa moja ndani ya resiva, kile kipande cha juu ya kamera, iache dukani.

Kuna kitu kinaitwa Yongnuo RF-603 II, nakitaja kwa sababu kinafanya kazi mbili, kinawasha fleshi iliyo mbali na kinapiga shata pia. Kinatumia betri mbili za AAA kila kipande, zilezile za rimoti ya TV unazozipata kila kiosk. Hili la betri usilidharau, rimoti zingine zinatumia betri za ajabu, ukiishiwa uko shambani kwa babu hakuna pa kuipata. Ila RF-603 inauzwa ya Canon na ya Nikon tofauti, herufi C au N mbele ya hiyo II, usichanganye.

Simu kwa Wi-Fi au Bluetooth ni bure kama kamera yako inayo, 70D, 6D na 750D wanayo Wi-Fi, 700D haina. Uzuri unaona picha kwenye kioo kabla hujapiga. Ubaya inakula chaji ya kamera na simu, na skrini ikizima mara nyingi muunganiko unakatika, watu wamesimama juani wanakusubiri. Kama kazi yako yote iko nyuma ya kamera, nyota, mwezi, barabara ya usiku, basi nunua rimoti ya waya wala usisumbuke, haina betri na ni bei ya chini.

Ukienda kununua, Kariakoo Dar au Luthuli Nairobi, popote pale, nenda na kamera yako ikiwa na chaji. Chomeka, bofya nusu uone kama inashika fokasi, bofya yote uone kama inapiga, alafu mwachie muuzaji kamera mezani utembee hatua ishirini umeipa mgongo ubofye tena mara kumi, zote kumi lazima zipige. Tikisa pini kidogo uone kama haipotezi. Ya infraredi ijaribu kwa kamera ya simu, ielekeze kwenye lenzi ya mbele ubofye, kwa simu nyingi utaona kamwanga ka zambarau kanawaka, kasipoonekana betri imekufa au rimoti ni mbovu. Na ya infraredi haipigi mpaka uweke kamera kwenye modi ya rimoti, kwa Canon iko pamoja na taima, na kwa Nikon ile modi inajizima yenyewe baada ya dakika kadhaa, muda wake unauongeza kwenye menyu mpaka 15.

Siku ya kupiga sasa, weka traipodi, panga watu, shika fokasi kwa mtu aliye pale utakaposimama wewe alafu hamisha lenzi kwenye MF, yaani fokasi ya mkono, maana kamera ikikosa fokasi haipigi na utadhani rimoti imeharibika. Weka ucheleweshaji wa sekunde 2 kama upo upate muda wa kushusha mkono. Na ziba kale katundu ka kuchungulia nyuma, kwa sababu jicho lako halipo pale na mwanga unaingia kwa nyuma unaidanganya kamera, picha inatoka giza. Kitambaa cheusi tu kinatosha, au kale kampira kanakokuja kwenye mkanda wa Canon. Ukimaliza zima resiva, toa betri, alafu nenda ukale na wenzako.