Kupiga picha za asili hapa hapa Moshi kwa simu yako tu

Wadau habari zenu. Watu wengi wakisikia picha za wanyama na mandhari akili inaenda Serengeti moja kwa moja, gari la utalii na kamera ya mamilioni, matokeo yake mtu anaishi Moshi miaka yote na hajawahi kumpiga picha mbega, na mbega wapo msitu wa Rau, boda kidogo tu toka mjini. Mimi naamini kabisa ukiwa na simu ya kawaida na miguu inayokubali kutembea utapata picha nzuri sana na asubuhi yako itakuwa tamu, kwahiyo nawaelekeza ninavyofanya.

La kwanza ni muda, na hapa sitaki mtu anibishie. Toka nyumbani kabla jua halijachomoza, saa kumi na mbili uwe umeshafika unapotaka kusimama. Mlima Kilimanjaro asubuhi unakuwa wazi alafu jua likishika hewa yenye unyevu inapanda toka msituni inageuka mawingu, ikifika saa tatu au nne mara nyingi Kibo, kile kilele kikubwa, imeshafunikwa, ukichelewa subiri jioni. Ukiwa mjini mlima uko kaskazini yako, so jua la asubuhi linaupiga kutokea kulia na la jioni kutokea kushoto, na mwanga huo wa ubavuni ndo unafanya mabonde na makorongo yaonekane, saa sita mchana kila kitu kinakuwa bapa. Na jamani msimsahau Mawenzi, kilele cha pili, watu wanakata picha inabaki Kibo peke yake wakati mwenzie yuko pale kulia na ana mita 5149 zake. Januari na Februari ni miezi mizuri kwa mlima, asubuhi baada ya mvua kubwa ya usiku ni nzuri zaidi maana vumbi lote limeshuka na unaweza kukuta theluji mpya juu.

Sasa Rau. Kabla ya kuingia ulizia watu wa misitu kuhusu kibali na kiingilio, na ukipata mtembezaji wa pale pale chukua maana anajua kundi limelala upande gani. Vaa viatu vya kufunika na suruali uichomeke kwenye soksi, siafu wa pale hawana utani. Mbega asubuhi wanapanda juu kabisa ya miti kuota jua, na kwa sababu chakula chao kikubwa ni majani yanayochukua muda kusagika wanakaa sana wametulia, ni mnyama mzuri mno kwa anayeanza. Usimkimbilie. Simama mbali, usimwangalie moja kwa moja, baada ya muda anakuzoea anaendelea na mambo yake.

Shida ya mbega ni rangi, mweusi tii alafu ana manyoya meupe ubavuni na mkiani, simu inachanganyikiwa, inaongeza mwanga ili weusi uonekane na weupe wote unaungua. Dawa yake ni hii: gusa kwenye kioo pale penye manyoya meupe, alama ya jua ikitokea ivute chini mpaka uone nywele moja moja za mkia, ndo upige. Weusi ukizidi utauinua nyumbani, ila weupe ulioungua haurudi tena. Usivute zumu kupita kiasi, inaharibu picha, bora mbega awe mdogo katikati ya matawi ya mvule na msitu wake uonekane. Na ukiona kitu cheupe mwili mzima kimeng'ang'ania tumbo la mama yake ujue ni mtoto, wanazaliwa weupe hivyo rangi inakuja baadae, hapo bonyeza kitufe usiachie ili zitoke picha nyingi mfululizo alafu utachagua.

Ukitoka msituni pitia mashamba ya mpunga, yangeyange, wale ndege weupe, wamejaa, mbinu ni ile ile ya kushusha mwanga. Chuchumaa simu iwe usawa wa maji, utapata ndege na kivuli chake.

Siku ukitaka kupanda nenda Materuni, njia inapita kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, kahawa chini ya migomba na mifereji pembeni. Pale unapita mbele ya nyumba za watu kwahiyo salamu kwanza, "shikamoo bibi, naomba kupiga picha mgomba wako", mara nyingi hukataliwi, na ukikataliwa unashukuru unasonga. Kwenye maporomoko ya maji ya Materuni futa lenzi kila dakika kwa kitambaa cha pamba maana manyunyu yanaganda pale na picha inatoka na ukungu.

Ukishapata njia unayoipenda irudie, masika na kiangazi, usihangaike na sehemu mpya kila wikendi, njia moja ukiizoea unajua mti gani una maua na ndege wale chozi watakuja lini.

Nyumbani futa nyingi bakiza chache. Na ukimtumia mtu WhatsApp tuma kama dokyumenti, ukituma kama picha inabanwa na zile nywele za mkia ulizohangaikia hatoziona.