Kebo ya baharini ikikata, mzigo wako wa dagaa usikwame Mwaloni

Mnakumbuka Mei 12, 2024, kebo za EASSy na Seacom zinazotuletea intaneti zilivyoharibika kule baharini, nchi nzima WhatsApp ikawa inazunguka tu. Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa Mwanza, watu walikaa juu ya magunia wanasubiri mteja wa Lubumbashi ajibu.

Kwanza usikimbilie kununua bando jipya, tatizo sio bando lako, utaunguza hela bure. Rudi kwenye sms ya kawaida, hiyo haitegemei intaneti. Ila sms moja ni herufi 160, ukizidisha unakatwa ya pili, na ukiweka kale ka-emoji kamoja tu inashuka mpaka 70! Kwahiyo andika kama telegramu za posta zile za wazee, walikuwa wanalipia kila neno: "GUNIA 40 TAYARI. LORI KESHO ASUBUHI. JIBU NDIO AU HAPANA". Halafu zipe namba, 1, 2, 3, maana zinaweza kufika zimepishana, ya pili ikatangulia.

Kupiga nje ya nchi angalia bei ya dakika kwanza, andika pembeni mambo ya kusema, salamu za familia zisubiri mtandao urudi.

Kwenye pesa sasa, app ikigoma tumia menyu ya nyota na reli (* na #). Muamala ukining'inia USIRUDIE, angalia salio kwanza, mimi nilishamlipa dereva mara mbili, kunirudishia ikawa wiki nzima ya "nipo barabarani bosi".