Taa za mbele hafifu? Anza na ethi

Jana nusura nibadilishe waya zote, kumbe shida ilikuwa ethi, yaani waya wa hasi unaorudisha umeme wa taa kwenye bodi ya gari. Washa taa, kisha unganisha waya mnene kutoka pini ya ethi ya soketi hadi hasi ya betri. Mwanga ukiongezeka papo hapo, sugua kutu pale ethi inapofungwa kwenye bodi mpaka chuma king'ae, weka waya mpya. Balbu ya wati 55 inavuta karibu ampea 5, kwa hiyo hata kutu kidogo inaipunja. Usikosee pini: ukigusa chanya, fyuzi inaungua. Toyota nyingi za zamani swichi yake hukatia upande wa hasi, huko kipimo hiki hakifai. Ukimenya waya ukakuta shaba nyeusi, endelea kukata. Risasi ya kulehemu haishiki hapo.