Batobato ya tumbaku: kijue kirusi, kisha kizuie kitaluni

Mimi ni bwana shamba, nahudumia wakulima wa tumbaku huku Urambo, mkoani Tabora. Kila msimu wa vitalu naulizwa: "Bwana shamba, tupige dawa gani?" Kwa batobato, ugonjwa wa majani unaoletwa na kirusi, dawa ya kupiga haipo. Sababu iko kwenye umbo la kirusi chenyewe.

Hatua ya 1: Hakikisha ni batobato
Tazama majani machanga ya juu, bila kuyashika. Ukiona mabaka ya kijani kibichi na kijani kilichopauka yamechanganyikana, na jani limefura kati ya mishipa, shuku kirusi. Umanjano unaoanzia majani ya chini na kuenea sawasawa mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni.

Hatua ya 2: Jua kilivyoundwa
Kirusi hiki ni kijiti chenye urefu wa nanomita 300 na unene wa nanomita 18. Ukivipanga kimoja nyuma ya kingine, zaidi ya 3,000 vinaenea ndani ya milimita moja, kwa hiyo hadubini ya kawaida ya shuleni haikioni. Kina vitu viwili tu: uzi wa RNA, uliobeba maelekezo ya kutengeneza virusi vingine, na gamba la protini. Gamba lina vipande kama 2,130 vinavyofanana, vimebanana kuzunguka kijiti mithili ya punje kwenye gunzi la hindi, na RNA imejiviringisha katikati yake.

Hakili, hakipumui, hakikui. Ndiyo maana viuavijasumu havikigusi: hakuna cha kuua. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky wa Urusi alichuja utomvu wa tumbaku yenye batobato kwa chujio linalozuia bakteria, na utomvu ule bado ukaambukiza. Elimu ya virusi ilianzia kwenye zao hili hili tunalolima.

Hatua ya 3: Mfungie mlango
Kirusi hakiwezi kutoboa ukuta wa seli ya mmea. Kinahitaji jeraha, hata unywele mmoja wa jani uliovunjika unatosha. Kikishaingia, gamba linabanduka, na seli inaanza kunakili RNA ya mgeni badala ya kufanya kazi zake. Anayefanya jeraha hilo ni sisi: vidole, visu, nguo zinazopangusa miche.

Hatua ya 4: Nawa kabla ya kugusa miche
Virusi vya korona vina utando wa mafuta ambao sabuni na spiriti huupasua. Hiki hakina utando huo, kwa hiyo usitegemee vitakasa mikono vya spiriti. Sugua mikono kwa sabuni na maji mengi ili kiondoke. Kisha chovya mikono kwenye maziwa yasiyo na mafuta kila baada ya muda mfupi unapopandikiza. Protini ya maziwa hupunguza uambukizaji.

Usivute sigara wala kunusa ugoro kitaluni. Joto la bani, banda la kukaushia tumbaku, halikiangamizi kirusi hiki, na kwenye jani lililokaushwa kinadumu miaka. Hili nalisisitiza kuliko yote.

Hatua ya 5: Ng'oa
Miche yenye mabaka ing'oe pamoja na mizizi, iweke kwenye mfuko, ichome mbali. Ifanye kazi ya mwisho siku hiyo, baada ya kumaliza miche mizima. Baada ya mavuno ng'oa mashina yote, na kitalu cha mwakani kiweke mbali na bani na mahali palipolimwa tumbaku, nyanya au pilipili.