Kuongeza matundu ya kutolea oili ya haidroliki nyuma ya trekta dogo

Matrekta madogo ya mtumba kutoka Japani, yale ya HP 20 hadi 35 unayoyaona Tengeru na Usa River, mengi huja na lifti ya nyuma tu, ile mikono ya kunyanyulia jembe. Siku mwenye shamba akinunua tela la kutipa samadi, anabaki kashika hosi mkononi hana pa kuichomeka. Wakija gereji kwangu Unga Limited, hapa Arusha, wanauliza, "Fundi, valvu bei gani?" Mimi nawauliza kwanza: oili ya trekta lako inapita wapi?

Hatua ya 1: Ijue njia ya oili

Matrekta mengi ya saizi hii yana pampu ya gia. Injini ikiwa inanguruma, pampu inasukuma oili muda wote hata kama hunyanyui kitu. Oili inazunguka na kurudi tangini. Valvu mpya, yenye liva ya kuelekeza oili kwenye hosi za tela, inakaa katikati ya safari hiyo: oili itoke kwenye pampu, ipite valvu mpya, ndipo iende kwenye lifti. Kama kuna koleo la mbele, valvu yake inatangulia, yako inafuata, lifti inakuwa ya mwisho.

Tafuta kwenye kitabu cha trekta bloku ya kutolea oili. Baadhi ya matrekta yanataka plagi ndogo ifungwe ndani ya bloku, kati ya tundu la kutokea na la kurudia. Ukiisahau, oili inapita njia ya mkato na valvu yako haioni kitu.

Hatua ya 2: Valvu yenye milango mitatu

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. P ni oili inayoingia. T inarudi tangini. PB inapeleka oili yenye presha mbele, kwenye lifti. Valvu nyingi zinauzwa bila kipande cha PB. Hicho unakinunua pembeni na kukifunga mwenyewe. Usikubali muuzaji akuambie "T itatosha."

Trekta la kwanza nililofunga nilichanganya T na PB. Nikawasha, lifti ikawa kama imekufa. Nikavuta liva ya valvu mpya, mikono ya lifti ikapanda! Mwenye trekta akacheka. Mimi jasho lilinitoka, kwa sababu presha ya lifti ilikuwa inarudi kwenye chumba cha T, ambacho hakikuundwa kubeba mzigo. Kingeweza kupasuka usoni kwangu. Tangu siku hiyo napaka rangi hosi kabla ya kufunga: nyekundu P, njano PB, bluu T.

Hosi ya T iende moja kwa moja tangini, isiwekwe koplingi (kiungo cha kuchomeka na kuchomoa hosi) njiani. Na presha ya kufungukia ya valvu, ile inayoifanya iachie oili iliyozidi, isizidi ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta.

Hatua ya 3: Hosi na nyuzi

P na PB natumia hosi ya nusu inchi. Za kwenda kwenye koplingi, inchi 3/8 yenye matabaka mawili ya waya. Soma presha iliyochapwa kwenye ganda la hosi.

Angalia nyuzi. BSP (uzi wa Kiingereza) na NPT (uzi wa Kimarekani) za nusu inchi zote zina nyuzi 14 kwa inchi moja, ndiyo maana zinadanganyana: zinaingia mizunguko kadhaa, zinashika, halafu zinavuja. Pembe ya uzi ni digrii 55 kwa moja na 60 kwa nyingine. Beba fitingi ya zamani mkononi unapokwenda kubana hosi, usieleze kwa mdomo. Na tepu nyeupe ya mabomba ya maji iache nyumbani. Vipande vyake vikikatika vinakwama ndani ya valvu.

Hatua ya 4: Kufunga

Zima injini, shusha lifti chini, sogeza liva zote mara kadhaa kutoa presha. Safisha eneo kwa brashi na dizeli kabla ya kufungua chochote. Chomelea breketi kwenye fremu, tenganisha betri kwanza. Koplingi za kike zinakaa kwenye trekta, za kiume kwenye tela. Kisha nyanyua mikono ya lifti hadi juu kabisa kwa kutumia jeki uone kama itagusa hosi. Hosi isipite karibu na ekzosi wala tairi.

Hatua ya 5: Kuwasha

Washa mlio wa chini, subiri, tazama viungo vyote. Kutafuta uvujaji tumia kipande cha boksi, kamwe si kiganja. Mkondo mwembamba wa oili unatoboa ngozi, na doa linaonekana dogo kama la sindano. Likikupata, usisubiri liume: nenda hospitali saa hiyo hiyo, uwaambie ni oili ya haidroliki.

Pandisha na shusha tela mara nne tano bila mzigo kutoa hewa, ulishushe, pima oili, ongeza. Kwa mengi ya matrekta haya tangi ndilo gia boksi lenyewe. Tela likiwa juu, oili ya gia iko ndani ya silinda inayonyanyua tela. Na ukiazima tela la jirani, uchafu wa silinda yake unaingia kwenye gia zako. Mimi sikubali kuazimana tela ambalo sijaona oili yake.

Silinda ya tela ya hosi moja inataka valvu yenye nafasi ya kuelea, yaani liva ikiwa hapo oili inarudi yenyewe kwa uzito wa tela. Bila hiyo, ukishusha kwa nguvu pampu inasukuma oili kwenye tundu lililozibwa na utasikia mlio wa kilio. Achia liva mapema.

Vifuniko vya koplingi viwe na mnyororo. Vumbi la Kisongo mwezi wa nane halihitaji zaidi ya asubuhi moja kuzijaza uchafu. Baada ya saa kumi za kazi rudi na spana, kaza viungo tena.